Chujio la wavu wa chuma, alizeti yangu na kijana wa dukani

"Mama, ninyi mmezoea kuchuja kwa kanga."

Maneno hayo niliambiwa na kijana mmoja nyuma ya kaunta ya duka la vipuri mjini Dodoma, macho yake yakiwa kwenye simu, na sahani yangu ya wavu iliyopasuka ikiwa mbele yake, imefungwa kwa gazeti lililolowa mafuta. Nimejaribu mara kadhaa kuandika uzoefu huu nikianza na chujio lenyewe, pipa la chuma lenye sahani za wavu ndani nililolinunua hapo dukani la kuchujia mafuta ya alizeti, kwa kuwa ndilo watu wanalotaka kujua habari zake, lakini kila nikianza hivyo najikuta nimerudi kwenye hilo neno la kanga. Basi nimeona nilitangulize, huenda likaniachia nafasi ya kusema mengine.

Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti Kibaigwa, wilayani Kongwa, si mbali na barabara kuu ya kwenda Morogoro. Wakulima wanaleta magunia yao tunawakamulia kwa malipo, na tukipata mtaji tunanunua alizeti na kuuza mafuta sisi wenyewe. Kwa miaka mingi tulichuja kwa filta presi, yaani mtambo wa sahani zilizobanwa pamoja na vitambaa katikati yake ambavyo mafuta yanasukumwa kupita, na mtu yeyote aliyewahi kufua vitambaa vile anajua kwa nini nilikuwa tayari kumsikiliza kila aliyesema kuna njia nyingine. Kitambaa kinanyonya mafuta ambayo hutayaona tena, hakitakati hata ukifue mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, na kikilala siku mbili bila kufuliwa kinachacha, hata mafuta mapya yakipita yanatoka na harufu ya juzi. Mimi mwenyewe nilifikia mahali mikono yangu inanuka vitambaa kanisani.

Siku niliyokwenda kununua, kijana huyohuyo alikuwa na ulimi wa asali. Nilipewa shikamoo mara mbili, nikaletewa kiti, kisha nikaonyeshwa kwenye simu video ya kiwanda cha mafuta ya zeituni huko Hispania: sakafu inang'aa, mabomba yanang'aa, na mafuta ya kijani yanatiririka kama yanatoka peponi. Akaniambia kwamba pipa lile la chuma lililosimama pembeni, lenye sahani tano za wavu ndani yake, lina wavu uleule wanaoutumia Wahispania, na kwamba kama unawafaa wao wanaoongoza dunia nzima kwa mafuta ya zeituni, alizeti ya Kongwa ni kitu gani mbele yake. "Unawasha pampu tu, mama, upande wa pili unakinga." Nililipa shilingi 1,300,000, nikapewa risiti ya mkono na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kichina, nikaondoka nimefurahi. Hapo kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikiri, kwa maana hata kanuni ya kupika ugali haiishii kwenye kuwasha moto.

Tulilifunga, tukawasha pampu, tukakinga. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya uji wa ulezi.

Mteja wa siku ile alikuwa mzee mmoja kutoka Mtanana, mtu mstaarabu ambaye alizeti yake tumekuwa tukiikamua tangu marehemu mume wangu yu hai. Alijaza chupa ya nusu lita, akaiinua juani, akaiinamisha, akaiinua tena, kisha akanirudishia bila kusema neno. Wanaofanya biashara hii watanielewa. Mafuta ya alizeti hapa kwetu huuzwa kwa macho kabla ya kuuzwa kwa mdomo. Abiria anashuka kwenye basi, anaokota chupa mezani, anaielekeza kwenye jua, na akiona ukungu anaamini umemchanganyia kitu, hata ukiapa kwa jina la mama yako. Kwa hiyo mzee yule alikuwa amekwisha kunihukumu, na alikuwa na adabu tu ya kutolisema.

Nilipiga simu dukani. Nikaambiwa litakaa sawa lenyewe. Nikapiga tena kesho yake, nikaambiwa fundi wao yuko safarini. Mara ya tatu simu iliita mpaka ikakatika, na tangu hapo nadhani namba yangu ilikwishafahamika.

La ajabu ni kwamba kwa siku chache lilikaa sawa kweli. Kuna mchana mmoja mafuta yalitoka yamenyooka, ya rangi ya dhahabu, yakaonyesha vidole vyangu upande wa pili wa chupa, nikaanza kujilaumu kwamba nina haraka. Kesho yake baada ya kuosha sahani, uji wa ulezi ukarudi. Tukawa hivyo, leo dhahabu, kesho uji, na hakuna aliyejua sababu, hadi asubuhi moja ya baridi, katika ile miezi ambayo Dodoma huamka na upepo mkavu na watu wote wamejitanda mashuka. Mafuta yalikuwa yamelala tangini tangu jana yake, yamekuwa mazito. Mpwa wangu akawasha pampu kama kawaida. Mshale wa geji ya msukumo ukapanda kuliko tulivyowahi kuuona, kukasikika sauti kama ya turubai linalochanika, kisha mshale ukaanguka ghafla, na kabla hajaufikia swichi tope lote lililokuwa limeshikwa ndani ya pipa likapita na kuingia kwenye tangi la mafuta safi lililokuwa na lita kama 300. Yalikuwa mafuta ya dhahabu ya ule mchana mmoja mzuri.

Tulipofungua pipa nilikaa na ile sahani mapajani muda mrefu. Wavu ulikuwa umeachia kwenye mshono, pale ulipochomelewa na fremu, mpasuko wa urefu wa kiganja, na nyuzi za waya zilikuwa zimejipinda kama mfuko wa suruali uliochanika kwa uzito wa funguo. Pembeni mwa mpasuko, na kwingine katikati ya sahani, kulikuwa na madoadoa mekundu. Nilipitisha ukucha, yakaacha vumbi la kutu. Chuma cha pua, stenlesi, kitu nilichouziwa kwa kiapo kwamba hakishiki kutu hata ukikizika!

Ndipo nikaifunga sahani kwa gazeti, nikapanda basi.

Safari hii shikamoo haikuwepo. Nilisimama mbele ya kaunta, mtu mwenye umri wa kumzaa, nikalazimika kuanza mimi kusema "habari za kazi, mwanangu," naye akajibu "salama" bila kuinua kichwa. Nikafungua gazeti. Akaitazama sahani kama mtu anavyotazama samaki aliyelala, akasema tumeitumia vibaya. Nikamuuliza vibaya vipi, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kazi ni kuwasha pampu. Ndipo akasema lile neno la kanga, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri bearing wakacheka.

Mimi sijawahi kuchuja mafuta ya biashara kwa kanga. Lakini mama yangu aliwahi, na alisomesha watoto wanne kwa mafuta yale, na hakuna chupa hata moja iliyorudishwa. Nilitamani kulisema hilo pale pale, nikashindwa kwa sababu koo lilikuwa limeziba, na mtu akilia dukani anakuwa ameshindwa mara mbili. Nilikunja gazeti langu nikatoka. Kama ningeandika usiku ule, uzoefu huu ungekuwa na sentensi moja: msinunue.

Sikuandika, na sasa inanilazimu kusema yaliyofuata, ingawa hayanipendezi yote.

Kuna fundi mmoja, mzee, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya mafuta vya Singida na sasa amerudi nyumbani kulima. Nilimfuata nikiwa natafuta shahidi wa kuthibitisha kwamba nimetapeliwa. Alisikiliza maelezo yote, akaomba maji ya kunywa, kisha akasema, "Mama, wavu hauchuji." Nikadhani ananiunga mkono. Akaendelea: "Kinachochuja ni ukoko."

Alinieleza hivi. Wavu niliouziwa ni wa namba 200, maana yake matundu 200 katika kila inchi moja, na kila tundu lina upana wa mikroni 75 hivi, karibu sawa na unene wa unywele. Unga wa alizeti unaotoka kwenye mashine ya kukamua pamoja na mafuta una chembe nyingi ndogo kuliko hapo, kwa hiyo mafuta ya mwanzo lazima yatoke machafu, na si kasoro ya kitu. Chembe kubwa ndizo zinazokwama kwanza, juu yake zinakwama za wastani, juu ya hizo zinakwama ndogo, mpaka sahani inafunikwa na utando kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na utando huo ndio unaoshika vumbi lote. Kazi ya wavu ni kuubeba ukoko usianguke, basi. Kwa hiyo mwanzoni hukingi kitu. Mafuta yanazungushwa na kurudishwa kwenye tangi la machafu, dakika kumi au ishirini, mpaka kwenye kioo cha bomba yaonekane yamenyooka, ndipo unafungua koki ya kwenda tangi safi. Na hutakiwi kusimamisha pampu katikati, kwa sababu msukumo ukikatika ukoko unaanguka na unaanza upya.

Nikaikumbuka siku yetu ya dhahabu. Siku ile umeme haukukatika hata mara moja, na tulifanya kazi tangu asubuhi bila kusimama. Siku za uji ndizo zile ambazo tulikuwa tumejidai wasafi na kuosha sahani mpaka ziking'aa.

Akaniuliza tunaziosha kwa kutumia nini. Hapo mpwa wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kuangalia miguu yake. Tulikuwa tunatumia brashi ya waya, ile ya kukwangulia masizi ya sufuria. Mzee akafumba macho. Brashi ya chuma cha kawaida, alisema, inafanya mambo mawili: inasogeza nyuzi za wavu na kuulegeza, tena pale penye mshono ambapo uchafu hung'ang'ania na ndipo mtu husugua kwa nguvu, na inaacha vichembe vyake vya chuma juu ya chuma cha pua, na vichembe hivyo ndivyo vinavyoshika kutu. Akachukua sahani nyingine ambayo haikuwa imesuguliwa sana, akaigeuzageuza juani. Haikuwa na doa hata moja.

Kwa hiyo zile kutu nilizozipeleka mjini kwa basi kama ushahidi zilikuwa zangu mwenyewe. Naandika sentensi hii polepole. Sijui kama kuna kitu kinachomkasirisha mtu kuliko kugundua kwamba aliyemtukana alikuwa na robo ya haki.

Robo tu, sikilizeni vizuri. Kwa sababu mtu anayeuza kitu kinachohitaji kujengewa ukoko na kuoshwa kwa namna fulani, asiseme neno hata moja juu ya hayo, kisha akamcheka mteja aliyekiharibu, huyo kwangu hana cha kujitetea. Fundi alinieleza yote hayo kwa muda ambao chai inapoa. Kijana wa dukani alikuwa na muda wa kunionyesha video nzima ya Hispania.

Na hiyo Hispania yenyewe ndiyo iliyonitia hasira upya nilipoielewa. Zeituni ni tunda. Mafuta yake yanatoka kwenye nyama ya tunda yakiwa pamoja na maji. Wanasaga tunda, wanalikoroga taratibu likiwa na joto la nyuzi 27 au karibu na hapo, kisha mtambo unaozunguka kwa kasi unatenga mafuta, maji na makapi. Yanapofika kwenye chujio yamebakiwa na matone madogo ya maji na vipande vyepesi vya tunda, vitu ambavyo wasipoviondoa huchachuka chini ya pipa na kuharibu ladha. Wavu wa chuma mara nyingi unashika yale makubwa, na umalizio wanaufanya kwa karatasi au pamba. Alizeti yetu ni mbegu kavu inayobanwa na parafujo mpaka mashine inaunguza mkono, na inatoka na tope zito la unga na maganda. Kuyalinganisha mawili hayo ni sawa na kumwambia mtu kwamba chujio la chai litamfaa kuchekechea unga. Kijana alijua hilo au hakulijua? Kama alijua, ni mwongo. Kama hakujua, alikuwa na ujasiri gani wa kuniambia mimi nilichozoea?

Mzee alitutengenezea utaratibu. Ile sahani iliyopasuka aliitoa na kuliziba tundu ilipokuwa imechomekwa, tukabaki na nne. Mafuta sasa yanalala kwanza kwenye tangi la kutulia ili tope zito lijishukie lenyewe, na asubuhi za baridi tunayapasha kidogo kabla ya kuyasukuma. Pampu inafunguliwa polepole, na mshale wa geji ukifika alama aliyoichora kwa rangi ya kucha ya binti yangu, tunasimama na kukwangua sahani kwa mwiko wa mbao. Mwisho wa wiki zinalowekwa kwenye maji ya moto yenye magadi makali ya viwandani, zinasuuzwa, zinaanikwa mpaka zikauke kabisa. Alibadilisha pia koki yetu ya brasi, kwa maelezo kwamba shaba iliyomo ndani yake huharakisha mafuta kuchacha, jambo ambalo kwa miaka yote ya vitambaa hatukulijua, tukawa tunalaumu vitambaa.

Sasa nitasema ukweli ambao sikutaka kuusema: linafanya kazi. Linafanya kazi vizuri kuliko filta presi yangu ya zamani. Sinunui vitambaa, sifui vitambaa, mafuta hayana harufu ya juzi, na ukoko unaokwanguliwa tunaurudisha kwenye mashine ukamuliwe tena pamoja na alizeti mpya. Mzee wa Mtanana amerudi na magunia yake, ameinua chupa juani, na mara hii alitia kizibo akaiweka mfukoni mwa koti.

Lakini nisije nikaonekana nimenunuliwa. Katikati ya baridi mteja mwingine alinirudishia dumu zima la lita 20 asubuhi na mapema, ndani kuna ukungu mweupe kama moshi, na jana yake jioni lilikuwa safi kabisa. Nilikaribia kulipiga teke lile pipa la chuma. Kumbe ni nta ya maganda ya alizeti, ambayo mafuta yakiwa na joto inakuwa imeyeyuka na kupita popote, wavu na ukoko pamoja, kisha usiku wa baridi inaganda na kuonekana. Viwanda vikubwa hupoza mafuta makusudi ili nta igande, ndipo vinachuja kwa unga maalumu. Sisi wadogo tunaweka dumu juani mpaka ukungu uyeyuke, na kumweleza mteja kwa upole. Mteja yule alielewa. Wengine hawatanielewa, na hakuna chujio la bei yangu litakalonisaidia kwa hilo, kwa hiyo ukiuziwa lolote kwa ahadi kwamba mafuta yako hayataona ukungu tena, toka dukani.

Je, ninunue tena? Mchana nikiwa naangalia tangi safi nasema ndiyo. Usiku nikikumbuka lita 300 nasema afadhali vitambaa, ambavyo vikichanika vinakuonyesha mapema, uzi mmoja mmoja, wala havisubiri hadi asubuhi ya baridi. Mwenye mashine ndogo anayesimama na kuwasha mara kumi kwa siku kwa sababu ya umeme au kwa sababu kila mkulima anataka mafuta yake peke yake, nadhani atateseka, maana kila akisimama ukoko unaanguka. Mwenye mzigo wa kutosha kukimbiza pampu nusu siku, alichukue, lakini asikubali kuondoka nalo kabla hajafunguliwa pipa mbele ya macho yake na kushika mshono wa kila sahani kwa kidole.

Wiki hii raba ya mfuniko imeanza kuvuja. Nimeitafuta Kibaigwa yote, nikaagiza Morogoro, na raba ya kipimo kile imepatikana kwenye duka moja tu mjini Dodoma. Nimemtuma mpwa wangu, na nimemwambia asitaje aliyemtuma.